Wekundu wa Bendera ya Rimalia

Nchi ya Rimalia haimo katika ramani yoyote utakayoifungua, na wenyeji wake wakiambiwa hivyo husema kosa ni la ramani. Tusigombane nao. Mwidau wa Pangani alifika huko, akakaa, akarudi akiwa mzima, na hilo la mwisho si jambo dogo kama utakavyosikia.

Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu mwembamba, mwoga wa fujo, mwenye tabia ya kumsahihisha muuza genge hata pale kosa lilipokuwa la faida kwake. Aliyemvuta Rimalia ni dada yake Saumu, aliyeolewa huko tangu ujana, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja tu wa kiume, Hilali. Damu nzito kuliko maji. Mwidau alifunga kibegi chake, akaenda kumjulia hali.

Langoni hawakumuuliza amebeba nini wala atafikia kwa nani. Walimuuliza rangi.

"Nyeusi ni nini?" Askari alikuwa amefunga vifungo vya koti mpaka shingoni, na jua lile.

Mwidau alikuwa amejiandaa, maana dada yake alimwonya mapema kwamba bila rangi haingii mtu. Akajibu kama mwanafunzi aliyekariri: "Nyeusi ni miaka ya giza, mlipotawaliwa na watu wa Hadaba."

Askari alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni. "Hiyo ilikuwa mpaka juzi. Amiri ametia saini mkataba wa chumvi na Hadaba, kwa hiyo hakukuwa na miaka ya giza. Nyeusi sasa ni udongo wetu wenye rutuba."

"Lakini nchi yenu nimeiona, ni mchanga mtupu."

"Ndiyo maana tunahitaji bendera ituambie. Kijani?"

"Bustani zenu."

"Zilikauka. Kijani ni subira. Nyeupe?"

"Amani?"

"Amani itakayokuja. Usiruke maneno, utajiponza." Askari akasimama wima, akaweka mkono kifuani. "Na nyekundu?"

"Damu ya mashujaa."

"Hiyo haijawahi kubadilika." Alimrudishia Mwidau hati zake, kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya serikali: "Umekuja wakati mbaya, mwalimu. Inapauka."

Mwidau hakuelewa mpaka alipoingia mjini na kuuona mlingoti. Ulisimama katikati ya uwanja wa Saria, mji mkuu wao, mrefu kuliko minara yote, na juu yake bendera yenye kanda nne ikipepea upepo ulipopenda. Ukanda mweusi ulikuwa umeelekea kuwa wa kijivu, mweupe ulikuwa wa vumbi, wa kijani ulikuwa na rangi ya jani lililokaa juani kutwa. Lakini huo wa nne, ukanda wa damu, ndio uliokuwa umeharibika kabisa. Ulikuwa waridi, waridi laini kama ufizi wa mtoto mchanga. Watu waliokatiza uwanjani walipita wakitazama viatu vyao.

"Si jua tu hilo?" Mwidau alimwuliza dada yake hata kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. "Kitambaa chochote kikikaa juani—"

Saumu aliruka, akafunga dirisha kwa kishindo. "Kaka! Hebu niache hai. Neno hilo halitamkwi hapa."

"Neno gani? Jua?"

"Jua limo katika muhuri wa Amiri. Jua halina hatia. Ndivyo sheria inavyosema, na aliyeandika hivyo hakuwa anatania."

Basi akamweleza, na alieleza huku mkono mmoja umeshika komeo la dirisha. Bendera ya Rimalia haishushwi, mchana wala usiku, kwa kuwa bendera iliyoshuka ni nchi iliyoshindwa. Wala haibadilishwi kitambaa, kwa kuwa bendera mpya ni nchi mpya, na katika nchi mpya vyeo vyote vya nchi ya zamani hukoma. Wenye vyeo walilijua hilo vizuri sana. Kwa hiyo ilikaa juu ikiliwa na kile kisichotajwa, na rangi iliyoliwa mbele ya nyingine ni nyekundu. Sheria ilisema: nyekundu ni damu ya mashujaa, ikipauka, damu yao imesahauliwa, na damu iliyosahauliwa hukumbushwa kwa damu. Vita vikishaanza, ndipo fundi hupandishwa mlingotini kuupaka upya ukanda wa damu hukohuko juu.

"Yaani?"

"Yaani vita, kaka."

"Na nani? Si mmeshapatana na Hadaba?"

"Adui hutafutwa baadaye. Kwanza Baraza la Rangi litamke kwamba imepauka. Wakishatamka, vijana wanatolewa mtaa mmoja baada ya mwingine, nyumba zenye milango myeupe. Mara hii zamu imeurudia mtaa wetu." Alikaza mkono kwenye komeo. "Mlango wangu ni mweupe. Baba yake Hilali alikufa kitandani, na kufa kitandani hapa hakuhesabiki."

Mwidau alikuwa ameiona milango hiyo njiani asijue maana yake. Nyumba iliyotoa mtoto vitani ilipakwa mlango wake rangi nyekundu, na serikali yenyewe ndiyo iliyopaka, kwa ngoma na hotuba. Nyekundu ilikuwa marufuku kwa kitu kingine chochote. Hapakuwa na kanga nyekundu, wala shanga, na sokoni nyanya ziliuzwa zikiwa zimefunikwa kwa majani kana kwamba zina aibu. Mwenye mlango mwekundu alipishwa njiani, na kwenye foleni ya mkate alipelekwa mbele hata kama hakutaka. Mwenye mlango mweupe alisalimiwa vizuri tu, lakini kwa ile sauti wanayosalimiwa nayo watu wasiochangia karamu.

Alasiri Hilali alirudi kutoka kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa fundi seremala, mwenye mabega mapana na njaa isiyo na adabu, na alimkumbatia mjomba wake mpaka mbavu zikalia.

"Mjomba umekonda! Au ni ile hesabu imekutafuna?"

"Na wewe umenenepa. Unamla mama yako?"

Walicheka. Kisha wakala, na wakati wa kula Mwidau alimtazama kijana yule akichovya mkate, akisimulia jinsi alivyonyoosha bawaba za mlango wa jirani yao Bi Ghaniya, mlango mwekundu ule, ambao kwa sheria hauguswi na mtu, hata Amiri, ila kwa ruhusa ya mama wa mashujaa mwenyewe. "Alinipa ruhusa mbele ya watu, mjomba, maana ulikuwa haufungi. Watu wanaona ni heshima kubwa kuugusa. Mimi niliona bawaba zimekula kutu." Akameza. "Mimi sitaki mlango mwekundu. Nataka mama awe na mlango unaofunga vizuri."

Saumu aliondoka mezani akaenda jikoni, na huko hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaungua.

Sasa, ili usikie vizuri kilichofuata, ni lazima ujue bendera ile ilitoka wapi, na Mwidau aliijua kwa kuuliza uliza, maana alikuwa mwalimu na kiherehere cha kuuliza hakistaafu. Wa kwanza kutawala Rimalia alifungua kilemba chake cheupe akakitundika kwenye mkuki kando ya kisima, kuwa alama kwamba hapa watu wanywe maji bila kupigana. Wakanywa. Ukoo wa pili ukamuua, na kwa kuwa ulitaka uonekane unamlilia, ukashonea nyeusi. Ukoo wa tatu ukauondoa wa pili, ukadai umetokana na watu wema wa kale waliovaa kijani, nao ukashonea yake. Wa nne ndio unaotawala mpaka leo, na ulikuja na nyekundu. Kila ukoo uliichukia rangi ya uliotangulia, lakini haukuthubutu kuitoa, kwa sababu anayewafundisha watu kung'oa rangi ya jana amewafundisha na kung'oa ya leo. Ikawa bendera ni mkusanyiko wa watu waliouana, wameshonwa bega kwa bega. Baadaye ndipo ilipoundwa ofisi ya kutafuta maana.

Mkuu wa ofisi hiyo, Mfasiri wa Rangi, aliitwa Bwana Mutlak, na siku ya pili alikuja mwenyewe nyumbani kwa Saumu. Alikuwa mtu mpole, mwenye viganja laini na harufu ya udi, na aliketi kwenye kiti cha mbao alichokitengeneza Hilali akakisifu kwa dhati. Watu wakali humwogopesha mtu mara moja. Wapole wa namna ya Mutlak humwogopesha taratibu, na kwa muda mrefu.

"Mgeni wetu," alisema, "Baraza limekaa, na limegawanyika nusu kwa nusu."

Mwidau alikuwa ameshalisikia, maana mji mzima ulilisikia. Mjumbe mmoja alisema kilichopauka si bendera bali ni macho ya wananchi. Mwingine alitaka kwanza iundwe kamati ya kueleza nyekundu ni nini. Na ajabu ya macho ya Rimalia ilikuwa hii: mjumbe mwenye mtoto wa umri wa vita aliona nyekundu ya pilipili, na asiye naye aliona waridi.

"Baraza likigawanyika," Mutlak aliendelea, "sheria inaazima jicho la mgeni, maana mgeni hana masilahi. Mgeni pekee aliyepo Saria ni wewe. Kesho adhuhuri utasimama chini ya mlingoti, utatazama, utasema."

"Mimi nina masilahi. Huyu ni dada yangu."

"Sheria inasema mgeni. Haikusema mgeni asiye na dada." Alitabasamu kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililotisha. "Ukisema imepauka, utavishwa joho, utasindikizwa mpaka langoni kwa heshima. Ukisema bado ni nyekundu, utatakiwa kuthibitisha kwa kuonyesha kitu ambacho dola yenyewe imekitamka kuwa chekundu. Ukionyesha, neno lako litapita. Ukishindwa, utakuwa umeidanganyia damu, na mwenye kuidanganyia damu huenda na vijana, mstari wa mbele kabisa."

Saumu alikuwa anamimina kahawa. Kikombe kilijaa, kikafurika, na aliendelea kumimina mpaka Mutlak akamshika mkono taratibu.

Alipoondoka, Saumu alimgeukia kaka yake. "Sema nyekundu."

"Dada, ni waridi. Hata kipofu angeinusa."

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuko wadogo."

"Na nikishindwa kuthibitisha? Tutakwenda wawili, mimi na Hilali. Utabaki na nani?"

 Saumu alikaa sakafuni, akaanza kufuta kahawa iliyomwagika kwa ncha ya mtandio wake, na alifuta muda mrefu baada ya sakafu kukauka. Mwidau aliogopa. Hakuwa shujaa, wala hakuwahi kujidai. Maisha yake yote alikuwa amesema mbili na mbili ni nne kwa kuwa ni nne. Sasa dada yake alimtaka aseme tano.

Asubuhi alitoka kwenda kununua mkate, si kwa njaa bali kwa sababu nyumba ilikuwa imekosa hewa. Foleni ilikuwa ndefu. Ghafla ikapasuka katikati kama pazia, na mama mmoja mnene mwenye kutembelea fimbo akapitishwa mpaka mbele, huku watu wakisema, "Pita, mama wa mashujaa, pita." Akapewa mkate wake. Akaupokea bila shukrani, akatoka, na Mwidau akajikuta anamfuata, kwa kuwa alikuwa anaelekea njia ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye jicho?" Bi Ghaniya hakumtazama. "Nimesikia. Mtaa huu hauna siri ila ile inayojulikana na wote."

"Ndiye mimi."

"Pole." Alitembea kidogo. "Unajua nina wana wawili? Nilikuwa nao. Walikwenda mara ya mwisho ilipopauka. Tangu siku hiyo sijapanga foleni. Mkate wa mbele ya foleni, mwanangu, haupiti kooni. Ninautafuna mpaka unakuwa maji, nao haupiti. Nawapa njiwa."

Walifika mlangoni kwake. Bi Ghaniya alitafuta ufunguo katika mfuko wa gauni, na Mwidau akasimama akautazama mlango. Akautazama tena. Kisha akageuka, akainua uso, akatazama juu ya mapaa mpaka kwenye mlingoti, halafu akaurudia mlango.

"Mama," alisema. "Huu mlango walikuja kuupaka tena, baada ya ile mara ya kwanza?"

"Nani aje? Walipiga ngoma, wakapaka, wakala pilau yangu, wakaenda zao." Mkono wake ulisimama kwenye kufuli. Alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga, na alifuata jicho la Mwidau kutoka mlangoni mpaka juu na kurudi. Uso wake ukafunga.

"Ninakuomba ruhusa niutaje uwanjani," Mwidau alisema.

"Unajua unachoniomba? Wanangu hawana kaburi. Mlango huu ndio kaburi lao. Unataka niende uwanjani, mbele ya watu wote, niseme kaburi la wanangu limepauka?"

"Sitaki useme hivyo, mama."

"Basi unataka nini?"

Lakini kuutaja mlango ule uwanjani kulikuwa sawa na kusema hivyo, na Mwidau alijiona mtu mbaya. Bi Ghaniya akaingia ndani. Mlango ukafunga vizuri sana, bila hata mlio, kwa kazi nzuri ya Hilali.

Adhuhuri uwanja ulijaa. Wajumbe wa Baraza walikaa kwenye kivuli, nusu huku na nusu huku; watu walikaa juani; na vijana wa mtaa ule walikuwa wamekwisha kupangwa mstari pembeni, ili kuokoa muda. Hilali alikuwa wa tatu. Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa, na mikono yake mikubwa, isiyozoea kukaa bure, ilijikunja na kujikunjua. Mwidau alipomwona amevaa vile, hofu yake haikuisha, lakini ilihama, ikamwacha na nafasi ya kupumua.

Mutlak alimshika kiwiko, akamsimamisha chini ya mlingoti. "Mgeni, inua jicho. Unaona nini?"

Mwidau aliinua uso. Ilikuwa juu kule, ikipepea bila habari, ya waridi.

"Ninaona nyekundu," alisema.

Uwanja ulivuta pumzi. Kutoka upande mmoja wa Baraza mtu alisema "Alhamdulillahi" kwa haraka iliyomfedhehesha. Upande wa pili walianza kuguna.

"Thibitisha," alisema Mutlak, bado kwa upole.

"Ni nyekundu ile ile ya mlango wa Bi Ghaniya, mama wa mashujaa wa vita vya mwisho. Nimeviweka viwili hivyo katika jicho moja asubuhi hii. Havipitani hata kidogo." Aliwageukia wajumbe wa Baraza. "Ninyi mliupaka. Ninyi mliutamka mwekundu, kwa ngoma. Kama sijasikia vibaya, hamjautangua. Basi ikiwa ule ni mwekundu, hii ni nyekundu. Na ikiwa hii si nyekundu, mwende mkamwambie yule mama kwamba wanawe mmekwisha kuwasahau."

Uwanja mzima ulianza kuhesabu. Mutlak hakuwa mjinga pia. Aliwaza, akasema, "Mlango wa shujaa hauhukumiwi ila na mama yake. Aitwe."

Hakukuwa na haja ya kuita. Umati wa watu ulipasuka kama foleni ilivyopasuka asubuhi, na Bi Ghaniya akaja na fimbo yake, polepole, wakimpisha kwa mazoea. Hakumtazama Mwidau. Saumu, aliyesimama karibu na mstari wa vijana, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema Mutlak, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Uko huru. Tuambie tu, mlango wako ni mwekundu?"

Mtego ulikuwa wazi. Angesema umepauka, serikali ingeupaka upya palepale kwa heshima zote, na bendera ingetamkwa imepauka, na vijana wangekwenda. Angeweza pia kukasirika, na haki ilikuwa yake. Mgeni mmoja alikuwa ameliweka kaburi la wanawe kwenye mizani ya watu.

Bi Ghaniya alitazama mstari wa vijana, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kwa Hilali jicho lilikaa kidogo.

"Mwekundu," alisema. "Ni mwekundu tangu siku mlipoupaka mkaenda zenu, wala hajarudi mtu kuutazama. Mimi nimeutazama kila siku. Kama ile yenu ya juu mnasema haijawa nyekundu ya kutosha, basi na wangu haukutosha. Na kama haukutosha, biashara yetu ilikuwa ya uongo. Nirudishieni wanangu."

  Mjumbe mmoja mzee, wa ule upande uliokuwa ukiona waridi, alivua kofia akaanza kulia, na wenzake wakamtazama kwa chuki. Mwishowe Mutlak aliinua uso juu, akatazama kwa muda, kama mtu anayejilazimisha kumeza, akatamka kwamba Baraza limeona, na kwamba bendera ya Rimalia ni nyekundu.

Saumu alimfikia mwanawe kabla mstari haujavunjwa. Alimpiga makofi mgongoni, mengi na makali, akimfokea kwa nini amechafua shati la Ijumaa. Shati lilikuwa safi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini wenye ofisi hawakubali kushindwa na mlango. Kesho yake asubuhi Mwidau alipokuwa anafunga begi, alisikia ngoma. Mutlak alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Bi Ghaniya na wapakaji wawili, na ndoo ya rangi mbichi iliyowaka kiasi cha kuumiza macho. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na Mwidau, mtu wa hesabu, aliifanya papo hapo: mlango ukipakwa upya leo, bendera italinganishwa nao kesho.

Bi Ghaniya alitoa kiti, akakiweka kizingitini, akakaa, mgongo wake ukiegemea mbao.

"Mama, ni heshima tu," alisema Mutlak. "Wanao wanastahili rangi mpya."

"Wanangu wamezoea hii."

"Tutakuletea mkate nyumbani kila siku."

"Mkate!" Bi Ghaniya alicheka, kicheko kikavu kilichowashtua wapakaji. "Sheria inasema hauguswi bila ruhusa yangu. Sikuruhusu. Na kabla sijafa nitamwachia ruhusa hiyo mtu mwingine asiyeruhusu. Mtaa huu wamo."

 Rangi kwenye ndoo ilianza kuota ngozi. Mutlak alipozungumza, upole ulikuwa umekwisha. "Kwa hiyo utambue. Siwezi kuutangua wekundu wake, hilo umenishinda. Lakini mlango uliokataa rangi ya dola hauna tena haki ya mbele ya foleni. Kuanzia leo utapanga kama watu."

Bi Ghaniya alishika fimbo yake, akainuka. Alifunga mlango, akautia ufunguo, akaelekea kwenye foleni ya mkate. Mwidau na Saumu walimfuata kwa mbali, kwa kuwa hawakujua la kufanya na miguu yao.

Foleni ilipomwona, ilipasuka. Watu walirudi nyuma, wakasema, "Pita, mama wa mashujaa." Hakupita. Alitembea kinyume, akiwapita mmoja mmoja, mpaka mwisho kabisa, na watu wakashikwa na fadhaa, maana hawakuwahi kuona mama wa mlango mwekundu akisimama nyuma ya mtu. Wa mwisho alikuwa Hilali. Aligeuka, akamwona, akaruka pembeni kumpisha, uso umemwiva kwa aibu.

"Bi Ghaniya, tafadhali. Siwezi kusimama mbele yako."

Mama yule alimshika bega, bega lile pana lenye vumbi la mbao, akamgeuza taratibu mpaka akamtazamisha mbele. Hakuuondoa mkono wake upesi.

"Simama hapo hapo, mwanangu," alisema. "Songa. Foleni inakwenda."